Usukani uliolegea: Kasoro inayojificha mchangani na kuua kwenye lami

GARI aina ya Land Cruiser linaweza kutembea kutwa nzima katika njia za mchanga za Ijara huku usukani wake ukiwa umelegea, na dereva asilalamike. Mwendo ni wa polepole, mashimo ni mengi, na mikono ya dereva haitulii hata akiwa na gari zima.

Hali hubadilika pindi gari hilo linapofika Garissa na kuingia katika barabara ya lami ya kuelekea Nairobi. Mwendo hupanda hadi kilomita 80 au 100 kwa saa, na gari huanza kutangatanga. Mara linaelekea ukingoni, mara linakaribia mstari wa katikati ilhali lori linakuja kutoka upande wa pili.

Kwa wakazi wa Masalani, makao makuu ya Ijara yaliyo mashariki mwa Mto Tana, suala hili si la mafundi peke yao. Mgonjwa anayepewa rufaa ya kwenda Garissa, chanjo za watoto, mbuzi wanaopelekwa sokoni, askari wa wanyamapori wa hifadhi ya Ishaqbini wanaowalinda hirola, wote hutegemea magari ya aina moja: yale ya ekseli nzima, yenye chesisi ndefu na springi ngumu.

Magari hayo yanasifika kwa uvumilivu. Hata hivyo, uvumilivu huo ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa gari huendelea kutembea muda mrefu baada ya viungo vyake vya usukani kuchakaa.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kukimbilia skrubu iliyo juu ya boksi la usukani na kuikaza. Dereva huhisi nafuu siku hiyo hiyo. Lakini mara nyingi ugonjwa haukuwa ndani ya boksi, na kukaza huko huficha kasoro ya kwanza na kuzaa ya pili.

Viungo vingi, upotevu mmoja

Ili kuelewa tatizo, ni muhimu kufuata safari ya nguvu kutoka mikononi mwa dereva hadi kwenye tairi.

Dereva anapozungusha usukani, mhimili wake hushuka hadi kwenye boksi lililofungwa kwenye chesisi. Ndani ya boksi mna chuma kilichochongwa kama skrubu, na vigololi vinavyobiringika katika mifereji yake. Chuma hicho husukuma meno yanayouzungusha mkono mfupi ulio nje ya boksi.

Mkono huo huvuta au kusukuma fimbo inayokwenda kwenye gurudumu. Fimbo nyingine ndefu, ambayo mafundi huiita tairodi, huyaunganisha magurudumu mawili ya mbele ili yapinde pamoja. Kila mwisho wa fimbo hizo una kichwa chenye mpira wa chuma unaocheza ndani ya kikombe.

Mwishoni kuna vifundo ambavyo gurudumu hupindia, vyenye beringi za juu na chini ambazo mafundi huziita beringi za kingipini. Kisha zinafuata beringi za gurudumu lenyewe, na hatimaye tairi.

Kila kiungo katika mnyororo huo kinapochakaa hupoteza kiasi kidogo cha mwendo. Nusu milimita hapa na milimita moja pale hujumlishwa, hadi dereva anazungusha usukani upana wa kiganja kabla ya tairi kutikisika.

Ndiyo maana ni nadra kupata sehemu moja iliyovunjika. Usukani uliolegea kwa kawaida ni jumla ya ulegevu mdogo wa mahali pengi, na tiba yake ni kutafuta kila mahali mwendo unapopotelea.

Vumbi, tope na maji

Mazingira ya Ijara yana njia zake za kuvila viungo hivyo. Wakati wa kiangazi, vumbi na mchanga hupenya kwenye vifuniko vya mpira vilivyopasuka. Mchanga ukichanganyika na grisi hugeuka kuwa kama msasa, na kila mzunguko wa usukani husaga chuma.

Msimu wa mvua una madhara mengine. Katika mvua za gu, kati ya Machi na Mei, na zile za deyr, kati ya Oktoba na Desemba, udongo mweusi wa eneo hilo hugeuka tope zito linaloganda ndani ya rimu. Tope likikauka upande mmoja wa rimu, gurudumu hupoteza usawa na kutikisa usukani kana kwamba kuna kitu kimevunjika.

Maji nayo huingia ndani ya vifundo vya magurudumu gari linapovuka madimbwi marefu. Grisi ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya maziwa, huacha kulainisha, na beringi huanza kuota kutu.

Historia ya eneo hilo inaonyesha jinsi mvua inavyoweza kuyabana magari. Mafuriko ya mwishoni mwa 2006 yaliandamana na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa uliowakumba watu na mifugo huko Garissa na Ijara. Katika mafuriko ya El Nino ya mwaka 2023, barabara kuu ya Garissa kwenda Nairobi yenyewe ilifunikwa na maji upande wa Madogo. Nyakati kama hizo, gari linalofika ndilo linalookoa, nalo ndilo linalopita katika maji na tope kuliko mengine yote.

Ujenzi wa barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa chini ya mpango wa LAPSSET unaendelea kuleta lami katika eneo lililoikosa kwa miaka mingi. Lami hiyo itapunguza mashimo, lakini pia itaongeza mwendo, na mwendo ndio unaoufichua usukani mbovu.

Dalili zisichanganywe

Kabla ya kushika spana, ni vyema dereva aeleze kwa usahihi gari linafanya nini. Dalili zinafanana masikioni lakini vyanzo vyake hutofautiana.

Ya kwanza ni usukani kucheza: dereva anauzungusha kidogo na gari halijibu. Hii huashiria viungo vya fimbo, viungio vya mhimili au boksi.

Ya pili ni gari kutangatanga: linaacha njia yake bila kuguswa, likirudishwa linapitiliza upande mwingine. Hapa hushukiwa tairi, bushi za springi, pembe za magurudumu, au boksi lililokazwa kupita kiasi.

Ya tatu ni gari kuvuta upande mmoja daima. Mara nyingi chanzo ni tairi lenye upepo mdogo, breki inayoshika, au ekseli iliyosogea.

Ya nne, na ya kutisha kuliko zote, ni magurudumu ya mbele kuanza kutikisika kwa nguvu baada ya kugonga shimo, hadi usukani unataka kuponyoka mikononi. Likitokea hilo, dereva hushauriwa aushike usukani imara, aondoe mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipunguze mwendo taratibu. Kukanyaga breki ghafla huweza kuzidisha mtikisiko.

Anzia kwenye tairi

Kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni kuanza na kisichogharimu kitu. Madereva wengi hupunguza upepo ili kuvuka mchanga, pengine hadi pauni 18 au 20. Wakisahau kuujaza tena kabla ya kuingia barabara ngumu, tairi hulegea ubavuni na gari huogelea.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na tairi mbili za mbele ziwe sawa kwa aina, ukubwa na uchakavu. Kiwango sahihi huandikwa na mtengenezaji, na hubadilika kulingana na mzigo.

Tope lililoganda ndani ya rimu liondolewe, na nati za magurudumu zikazwe. Si jambo la ajabu gari kupelekwa gereji kwa ajili ya usukani, kumbe nati za gurudumu ndizo zilizolegea.

Mzigo pia uangaliwe. Magunia au mapipa ya maji yakirundikwa nyuma kabisa, zaidi ya ekseli ya nyuma, pua ya gari hunyanyuka na magurudumu ya mbele hukosa uzito wa kushika barabara. Gari la namna hiyo litatangatanga hata likiwa na viungo vipya.

Aidha, jinsi tairi lilivyolika ni ushahidi. Kingo za tairi zikiwa na makali kama meno ya msumeno, magurudumu hayaelekei sambamba. Tairi likiwa na mabonde na vilima, kuna beringi au kizuizi cha mtikisiko kilichochoka.

Watu wawili, bila jeki

Kipimo muhimu kuliko vyote hakihitaji mashine. Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yakiwa chini, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Injini huwashwa ikiwa usukani unasaidiwa na pampu ya mafuta.

Mtu mmoja huketi na kuusogeza usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila kukoma. Wa pili hutazama kutoka chini na kugusa kiungo kimoja baada ya kingine, akiwa mwangalifu vidole visibanwe.

Swali analojiuliza katika kila kiungo ni moja: je, upande huu unaanza kusogea kabla ya upande ule? Ikiwa ndivyo, mwendo unapotelea hapo.

Uchunguzi hufuata mpangilio kutoka juu kwenda chini. Kwanza viungio vya mhimili wa usukani. Kisha boksi lenyewe: mhimili unaoingia ukizunguka, mkono unaotoka unasogea papo hapo au unachelewa?

Hapo hapo, bolti zinazolishika boksi kwenye chesisi zikaguliwe. Ikiwa boksi zima linasogea, bolti zimelegea au chuma cha chesisi kimepasuka. Nyufa za chesisi karibu na boksi huonekana kwa shida chini ya tope, hivyo sehemu hiyo isafishwe kwanza.

Baada ya boksi hufuata vichwa vya fimbo, kimoja kimoja. Kichwa kizuri huzunguka kikiwa kimebana. Kikipanda na kushuka ndani ya kikombe chake, au kikitoa sauti ya kugonga, kimekwisha na hakina matengenezo isipokuwa kubadilishwa.

Kiasi cha ulegevu hupimwa kwenye ukingo wa usukani. Magurudumu yakiwa yameelekea mbele, usukani huzungushwa polepole hadi tairi zianze kusogea. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya aina hii huweka kikomo cha takribani milimita 30. Gari linalovuka kiwango hicho halifai kuingia barabara ya mwendo wa kasi.

Gurudumu likiwa hewani

Baada ya hapo ndipo jeki hutumika. Ekseli ya mbele huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Gari lililoshikwa na jeki peke yake limewahi kuwakandamiza wengi, hasa kwenye mchanga ambamo jeki huzama.

Fundi hushika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, ama beringi za gurudumu zimelegea ama zile za kingipini.

Kuzitofautisha ni rahisi. Mtu mwingine hukanyaga breki huku tairi likitikiswa. Mchezo ukitoweka, tatizo lilikuwa kwenye beringi za gurudumu, kwa sababu breki imelishikanisha gurudumu na kifundo chake. Mchezo ukibaki, beringi za kingipini ndizo zenye hitilafu.

Beringi za gurudumu huweza kukazwa zikiwa bado nzima. Zile za kingipini hurekebishwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa juu na chini ya kifundo, kazi inayohitaji vipimo. Vibati vikizidi, ekseli haikai katikati ya mpira wa kifundo na mafuta huanza kuvuja.

Kwenye Land Cruiser, kifundo kinachotapika grisi nyembamba kama mchuzi kina ujumbe wake. Mara nyingi sili ya ndani ya ekseli imekufa, na mafuta ya difu yanaingia na kuiyeyusha grisi. Kubadilisha beringi bila kubadilisha sili hiyo ni kupoteza pesa.

Kisha fundi hulishika tairi kushoto na kulia. Likicheza katika mkao huo wakati halikucheza juu na chini, lawama hurudi kwenye vichwa vya tairodi.

Ekseli inayojiendesha

Kuna hali ambapo viungo vyote vya usukani ni vizima na gari bado linatangatanga. Hapo ni lazima itazamwe ekseli yenyewe.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zilikuwa na springi za majani mbele katika aina nyingi za kazi. Tangu 1999 zile ndefu za kubeba abiria na mizigo zilipewa springi za mviringo mbele. Aina zote mbili bado zinaonekana kaskazini mashariki mwa Kenya, na kila moja ina udhaifu wake.

Kwenye springi za majani, bushi za miisho hulika hadi jani linagonga chuma. Bolti zenye umbo la herufi U zinazofunga springi kwenye ekseli nazo hulegea, hasa baada ya springi mpya kuwekwa. Zikilegea, bolti ya katikati hukatika na ekseli husogea upande mmoja.

Kwenye springi za mviringo, ekseli huzuiwa isiende kando na fimbo moja iliyolala toka chesisi hadi ekseli. Bushi za fimbo hiyo zikilika, ekseli nzima husogea kushoto na kulia chini ya gari. Dereva huhisi kama kuna mtu mwingine anayeushika usukani.

Kasoro hii huonekana waziwazi katika kile kipimo cha watu wawili. Usukani ukisogezwa, mwili wa gari hutikisika upande kabla ya magurudumu kupinda.

Ekseli ya nyuma isisahaulike. Bushi za nyuma zikichakaa, ekseli hukaa mshazari na kulisukuma gari kando, huku usukani wa mbele ukilaumiwa bure.

Boksi ni la mwisho

Ni baada ya yote hayo kukaguliwa ndipo fundi anapofaa kuigusa skrubu ya boksi.

Boksi la usukani limeundwa kubana zaidi linapokuwa katikati, gari likienda moja kwa moja, na kulegea kiasi linapopinda. Ndiyo maana marekebisho hufanywa magurudumu yakiwa yameelekea mbele, na ikiwezekana fimbo ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye mkono wa boksi.

Nati ya kufungia hulegezwa, skrubu huzungushwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya nane ya mzunguko, kisha hushikiliwa isizunguke wakati nati inakazwa tena. Usukani huzungushwa mwisho hadi mwisho. Ukikwama mahali popote, skrubu imezidi na ni sharti irudishwe.

Boksi lililokazwa kupita kiasi huacha kuurudisha usukani katikati baada ya kona. Dereva hulazimika kuurudisha mwenyewe, anapitiliza, anaurudisha tena, na gari linaanza kutangatanga upya. Wakati huo huo meno ya ndani husagana, na boksi ambalo lingedumu kwa miaka huharibika mapema.

Mafuta ya usukani nayo yakaguliwe. Yakipungua, yana mahali yanapovuja, na boksi lisilo na mafuta ya kutosha halitatulia kwa kukazwa.

Pembe za magurudumu

Baada ya viungo kubadilishwa, ni lazima magurudumu yalinganishwe. Mashine za alaimenti hazipatikani kila mahali, lakini mwelekeo wa magurudumu unaweza kupimwa kwa chaki na utepe.

Alama huwekwa katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, katika kimo cha ekseli. Umbali baina ya alama hizo mbili hupimwa. Kisha gari husukumwa mbele hadi alama zifike upande wa mbele wa tairi katika kimo kile kile, na kupimwa tena.

Umbali wa mbele unafaa kuwa mdogo kwa milimita chache tu kuliko wa nyuma, kama kitabu cha gari husika kinavyoelekeza. Ukiwa mkubwa, magurudumu yanaelekea nje na gari halitatulia. Marekebisho hufanywa kwa kulegeza vibano vya tairodi na kuizungusha.

Pembe nyingine ni ile ya kuinama kwa kingipini kuelekea nyuma. Mfano wake ni uma wa mbele wa baiskeli. Kwa kuwa umeinama, baiskeli hujinyoosha yenyewe na mwendeshaji anaweza hata kuachia mikono. Gari nalo hutegemea mwinamo huo ili usukani urudi katikati.

Gari lenye springi za mviringo likiinuliwa kwa springi ndefu ili lipite majini, ekseli huzunguka na mwinamo huo hupungua. Mwenye gari hufurahia urefu mpya, kisha hushangaa kwa nini gari limekuwa jepesi na lisilotulia. Dawa yake ni bushi au vipande maalumu vinavyourudisha mwinamo. Kwenye springi za majani hutumika kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Dampa si dawa

Magari mengi ya aina hii yana dampa ya usukani, kifaa kinachofanana na kizuizi cha mtikisiko kilicholazwa kando ya tairodi. Kazi yake ni kupunguza makali ya mapigo ya barabara.

Dampa mpya huweza kutuliza gari linalotikisika, na hilo huwashawishi wengi kuamini kuwa limepona. Lakini kifaa hicho hakiondoi mchezo wa kiungo chochote. Kinaufunika tu, hadi siku kichwa cha tairodi kitakapochomoka na magurudumu mawili kuelekea pande tofauti.

Spea, pini na kulehemu

Vipuri vya usukani si mahali pa kubana matumizi. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi mwaka 2008, lakini mnunuzi bado anahitaji macho yake. Kichwa kipya kinachocheza kikiwa bado mkononi, au chenye kifuniko cha mpira chepesi kinachopasuka kikivutwa, hakitamaliza msimu mmoja wa Ijara.

Kila nati ya kichwa cha fimbo hufungwa kwa pini inayopindwa ili isifunguke. Pini hiyo hutumika mara moja tu. Msumari au waya uliowekwa badala yake ni tofauti ndogo ya bei inayoweza kugharimu maisha ya walio ndani ya gari.

Kulehemu fimbo au mkono wa usukani kusifanywe kamwe. Joto hubadilisha uimara wa chuma, na kinachoonekana kimeungana hukatika bila onyo.

Tairodi ikipinda porini kwa kugonga kisiki, huweza kunyooshwa ikiwa baridi, kwa jeki au kwa kubanwa kati ya magogo, ili gari lifike mjini polepole. Isichomwe motoni. Na ikifika gereji ibadilishwe, hata kama inaonekana imenyooka.

Dakika chache kabla ya safari

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari lenye kasoro za hatari kutumika barabarani, na magari ya umma na ya biashara hukaguliwa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Lakini ukaguzi wa mwaka hauwezi kuziona kilomita zote zilizo baina ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Kazi hiyo hubaki kwa dereva. Kabla ya kuondoka Masalani, anaweza kupima upepo, kuondoa tope kwenye rimu, kutazama vifuniko vya mpira na pini, na kumwomba mtu autikise usukani huku yeye akichungulia chini. Baada ya kuvuka maji mengi, viungo vyenye nipoli vipigwe grisi hadi ile chafu itoke yote.

Gari lililotoka katika njia mbaya lisiingizwe moja kwa moja kwenye mwendo wa kasi. Dereva akifika kwenye lami asimame, ajaze upepo, akaze nati, kisha aendeshe kilomita chache za kwanza taratibu akisikiliza mikono yake inavyoambiwa na usukani. Ukianza kutangatanga hapo, bado yuko karibu na gereji za mji wa Garissa. Akiendelea hivyo hivyo, gereji inayofuata itakuwa mbali, na lori la upande wa pili litakuwa karibu.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika usukani, ufa huo ni kifuniko cha mpira kilichopasuka na pini iliyokosekana. Ukuta wenyewe ni mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitalini ambaye hakuwahi kufika.